Wa Thelathini ni wa Kasongo

Wiki nzima nimesumbuliwa. Kwa kinyozi, sokoni, hata kwenye foleni ya maji watu wananishika shati na kuuliza: ule mkono uliotua begani mwa Hippolyte nje ya jela ya Kabambare ulikuwa wa nani? Mmoja kaapa kuwa ni wa polisi. Mwingine, mtu mzima na akili zake, kasema ni wa mzimu.

Haya, tulieni. Ulikuwa wa dada yake.

"Yaya," alisema Albertine, maana ndivyo anavyomwita kaka yake mkubwa. "Umekuja na Bula Matari, serikali yako ya wazungu, kutuangalia?"

Hippolyte aligeuka. Kaka na dada hawa walikuwa hawajaonana miaka minne. Alimkuta Albertine pekupeku, kitambaa cheupe kichwani, mkononi sufuria ya wali iliyofunikwa kwa sahani ya bati. Nyuma yake wanawake wengine wengi walikuwa wameketi vumbini na sufuria zao, wakingoja polisi aruhusu chakula kiingie ndani. Hakuna aliyemsalimu.

"Nimekuja kwa kazi," alisema Hippolyte. "Mbona uko hivyo? Nani amekufa?"

Albertine alimkazia macho kama mtu anayejaribu kujua kama mwenzake ana homa.

"Yaya, hukupata mukanda yetu?"

"Mukanda gani?"

"Ile barua ya kilio. Mama alishakufa. Iko mwezi ya pili sasa."

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa ajili ya matokeo ya mpira, jicho likateleza hadi ukurasa huu, nikuweke sawa haraka. Mwaka ni 1957 na Kongo bado iko mikononi mwa Wabelgiji. Hippolyte ni mzaliwa wa Kabambare. Alipokuwa na miaka saba mapadri walimchukua kwenda Kasongo, wakambatiza, wakamsomesha, akatoka na Kifaransa kilichonyooka na viatu vya kung'aa. Kwenye vitabu vya serikali ameandikwa karani. Mwenyewe anajiita mtafiti.

Na ni mtafiti kweli, tusimwonee. Miaka sita amekaa katika chumba kimoja cha ofisi ya Kasongo akichunguza usalama wa mashariki yote: nani kavuka ziwa kutoka Kigoma, nani ana ndugu Ujiji, redio ya Misri imesema nini kwa Kiswahili na huko Nyangwe imesikilizwa na nani. Anasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kazi ambayo mzungu yeyote wa pale haiwezi, wala karani mwenzake. Ripoti zake zinapanda hadi Léopoldville, na moja ilifika Brussels. Hiyo ndiyo iliyomletea ahadi kubwa: ofisi mpya ya uchunguzi huko Léopoldville inamtaka, awe mweusi wa kwanza kuketi humo. Mkewe Victorine amekwisha kushona mapazia ya nyumba ambayo hajaiona.

Ripoti hiyo ilisimama juu ya karatasi moja. Ilikamatwa kwenye kizuizi cha barabara, ndani ya mzigo wa Faradji, mchuuzi wa vitambaa. Ilikuwa na majina kwa herufi za Kiarabu, yamepangwa kwa namba, moja hadi thelathini. Chini yake kuna maneno machache: zimalizwe zote kabla ya alfajiri ya Ijumaa. Majina ishirini na tisa yalikuwa ya wanaume wa Kabambare. La thelathini halikuwa jina. Liliandikwa tu, wa Kasongo.

Hippolyte aliandika kurasa kumi na nne juu ya karatasi hiyo. Aliandika kwamba ni kikosi cha siri, kwamba kila mtu ana namba yake, kwamba watatenda siku ya Ijumaa, na kwamba kichwa chao ni huyo wa thelathini anayejificha Kasongo. Ijumaa ilipofika askari walizunguka nyumba moja ya Kabambare alfajiri na kuwakuta wote ishirini na tisa ndani, kama alivyotabiri. Leo saa nane mchana lori litawachukua kwenda relegasyo, yaani kuhamishwa kwa nguvu hadi mbali, bila hukumu na bila tarehe ya kurudi.

Na wa kwanza kwenye orodha ile ni Asani, fundi cherehani, mjomba wa Hippolyte, tumbo moja na mama yake. Hippolyte alipoliona jina lile alisita siku mbili. Siku ya tatu akaliandika. Wiki tatu zilizopita mlinitumia barua za matusi kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu.

Sasa turudi nje ya jela.

Hippolyte aliketi kwenye ngazi. Mama alikuwa amekufa, akazikwa, akaliliwa, na yeye siku zote hizo alikuwa Kasongo akinyoosha tai mbele ya kioo. Ilimuuma. Ilimuuma kama ingemuuma mtu yeyote, hata mtu wa serikali.

"Mulituma na nani?" aliuliza.

"Na Faradji. Karatasi mbili. Moja niliandika mimi, na herufi ya misioni, kukuambia mama alikufa na arobaini itaangukia Ijumaa gani. Ya pili aliandika Mujomba Asani."

"Ya pili ilikuwa ya nini?"

"Ya hitima, Yaya. Ya kugawanya."

"Kugawanya nini?"

Albertine aliweka sufuria chini. Alikuwa ameolewa na katekista, akabatizwa kanisani, na alikuwa na haki ya kushangaa.

"Wewe kweli hujue? Korani iko na juzuu thelathini. Mutu akikufa, watu thelathini wanagawana, kila mutu juzuu yake. Wanaandika jina na namba, hivi moja isisomwe mara mbili na ingine isibakie. Kila mutu anasoma kwake, halafu siku ya arobaini wanakutana asubuhi mapema wanafunga pamoja. Mimi niko mukristo kama wewe na ninajua, sababu ni mimi niko napika."

Hippolyte aliuvuta mkoba wake karibu.

Mtaniuliza, mtu mwenye akili kiasi hicho alikosaje? Nitawaambia. Herufi alianza kuzijua kwa mwalimu wa chuo cha Korani miezi michache utotoni, akazimalizia kwa padri mmoja mzee aliyependa vitabu. Lakini matanga ya Waislamu misioni ilimkataza kuyakanyaga, na mtoto wa miaka saba hajui wanaume wanagawana nini wakiwa wamefunga mlango. Angemwonyesha karatasi ile muuza chumvi yeyote wa Kasongo, muuza chumvi angeinua mikono amwombee marehemu. Ila karatasi za siri hazionyeshwi wenyeji. Hiyo ilikuwa amri ya ofisi, na Hippolyte alijivunia kuishika.

"Na ya thelathini?" aliuliza, sauti imeshuka. "Ile imeandikwa wa Kasongo?"

"Si ni wewe."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja siku ya soko.

"Mama alisema mbele ya kufa," aliendelea Albertine. "Juzuu ya mwisho, ile ya watoto, ile ulikuwa unasoma wakati mapadri walikuchukua. Alisema ile muwekee mutoto wangu. Mujomba alikatala. Akasema huyu mutoto ni wa padri sasa. Mama akasema, muwekee tu."

Ndani ya mkoba wa Hippolyte kulikuwa na hati ya kumkamata mtu wa thelathini popote atakapoonekana. Aliiandaa mwenyewe Jumatatu. Ilikosa jina tu.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya teritware, yaani ya serikali ya pale, na dereva wake, Heri, alikuwa akimimina maji kwenye rejeta.

"Subiri hapa," Hippolyte alimwambia dada yake. "Usiende mahali."

Alikwenda mbio hadi chumba alichopewa pembeni mwa ofisi, akaketi mbele ya mashine ya chapa. Kila ripoti aliipiga kwa nakala tatu za kaboni, ukiacha ile ya juu: moja ya wilaya, moja ya jimbo, moja ya kabati. Leo aliweka kaboni nne. Miaka sita ya kufungua barua za wengine ilikuwa imemfundisha jinsi karatasi zinavyopotea ofisini.

Aliandika ukurasa mmoja. Kwamba orodha ile ni ya hitima. Kwamba watu wale ishirini na tisa hawana kosa lolote. Kwamba aliyekosea ni yeye, mwandishi wa ripoti, na yuko tayari kuapa mbele ya jaji. Akatia sahihi zote tano.

Kisha akapitia mlango wa nyuma, akamwita Albertine kwa kidole. Aliinua sahani ya bati, akalaza nakala ya mwisho juu ya wali ikiwa imekunjwa ndani ya jani la ndizi, akafunika.

"Baiskeli ya mume wako iko?"

"Iko."

"Enda Kasongo sasa hivi. Kamata njia ya mashamba, usipite kwenye kizuizi. Tafuta jaji wa parke, ule wa mashitaka, umupe mukononi mwake. Si karani, si polisi. Yeye mwenyewe. Yule hapendane na Bwana wangu wa ofisi, atasoma."

"Na lori?"

"Lori itafika Kasongo kesho. Wanalala pale mbele ya kuvuka mto. Jaji akisoma leo ao kesho asubuhi, hawavuke."

"Na wewe?"

"Mimi ninaenda kuongea na Bwana. Atafahamu."

Albertine alimtazama kwa huruma, na huruma ile Hippolyte hakuipenda.

"Yaya," alisema, "ule mutu, si kufahamu anakosa."

Akapachika sufuria kichwani na kuondoka bila kukimbia, kama mwanamke yeyote aliyenyimwa ruhusa ya kuingiza chakula.

Bwana Dewaele, mkubwa wa Hippolyte aliyekuja naye kutoka Kasongo, alikuwa ofisini akichonga penseli kwa kisu kidogo. Watu wa Kasongo walimwita Bwana Polepole. Hakuwahi kupaza sauti tangu aje Maniema, na walioitwa ofisini kwake walipendelea wenye kupiga kelele.

Alisoma ukurasa wa Hippolyte hadi mwisho. Akausoma tena. Akauweka mezani, akanyoosha kona yake iliyokunjika.

"Umeandika vizuri," alisema kwa Kifaransa. "Siku zote unaandika vizuri."

"Bwana, kuna muda bado. Tukipiga simu ya upepo jimboni sasa..."

"Keti, Hippolyte."

Bwana Polepole alivuta droo na kutoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Aliifungua juu ya meza. Hippolyte aliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno hata moja, zile herufi za duara za shule ya masista. Ndugu yetu mpendwa, mama ametutoka.

"Dada yako ana mkono mzuri," alisema mzungu.

"Ulikuwa nayo."

"Tangu siku ileile. Kiswahili cha herufi zetu nakisoma bila msaada wako."

"Basi ulijua kwamba ni hitima. Imeandikwa humo."

"Nilijua kwamba mama yako amekufa. Pole sana." Neno pole alilisema kwa Kiswahili. "Barua inasema hitima, ndiyo. Karatasi ya pili nilikupa wewe, uniambie ni nini. Ukaniambia. Kurasa kumi na nne. Kati ya mwanamke wa kijijini na mtaalamu, Léopoldville wamemwamini mtaalamu."

"Ungeweza kunionyesha barua hii."

"Ungeweza kuuliza."

Nje, Heri aliwasha injini kuijaribu, akaizima.

Na kweli Hippolyte hakuuliza. Nitawaambia kwa nini. Usiku... hapana, wala si usiku, ni mchana mweupe, akiandika ukurasa wa tisa wa ripoti ile, aliwahi kujiuliza mbona wapanga njama wameandika namba zao kwa wino mzuri hivyo, bila kuficha hata jina moja. Alijiuliza, akaona swali lenyewe litamharibia ripoti, akaliacha. Alitaka kikosi kiwepo. Alikitaka kwa sababu ya Léopoldville.

Mzungu aliweka karatasi mbili mezani, sambamba, ya pili akiitoa kwenye mkoba wa Hippolyte.

"Hii ni tafsiri yako ya orodha. Inahitaji sahihi ya kiapo, na hapo faili inafungwa, hakuna jaji wa parke atakayeigusa. Hii nyingine ni hati ya wa thelathini. Ukitia sahihi kwenye tafsiri, hati inabaki kwenye droo yangu, nyeupe kama ilivyo. Wewe unakwenda Léopoldville. Mara mojamoja nitakuandikia kuomba msaada mdogo, na wewe utanisaidia."

"Nisipotia sahihi?"

"Hati inapata jina."

"Na wale watu?"

"Wanapanda lori saa nane, kwa vyovyote. Lakini wakienda na sahihi yako, wamekwenda. Wakienda bila sahihi, kutakuwa na maswali. Mimi sipendi maswali, Hippolyte. Nawe umeonyesha kwamba huyapendi."

Alimsogezea kalamu.

Hippolyte aliishika. Aliwaza mapazia ya Victorine, ya maua mekundu, yaliyopimwa kwa madirisha ya kubuni. Aliwaza mama yake akibishana na mjomba kitandani, pumzi zimebaki chache, na zile chache anazitumia kumtetea mtoto aliyekaa miaka minne bila kumtembelea. Muwekee tu.

Bwana Polepole aliona kalamu ikishuka, akatabasamu, akarudia kuchonga penseli yake.

Kalamu ilishukia kwenye hati ya kukamata. Pale palipoachwa wazi, Hippolyte aliandika jina lake lote, na chini yake, mwana wa Mwamvua wa Kabambare. Aliandika kwa herufi za misioni, kubwa, ili Bwana asihitaji mtafsiri.

Mzungu hakukasirika. Aliuchukua ule ukurasa wa hitima akauchana, kisha nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja baada ya nyingine, vipande vikaingia kapuni. Akamwita polisi kwa sauti ileile ya siku zote.

Saa nane kasoro robo Hippolyte alitolewa nje, mikono imefungwa kwa kamba, viatu amevuliwa. Wanawake wa sufuria walisimama wote. Mmoja alianza kucheka, akanyamaza alipoona kwamba si mchezo.

Ndani ya lori walikuwa wamebanwa kama magunia ya mpunga. Walimpisha kwa shida, si kwa heshima, kwa kutotaka kuguswa naye. Mwishowe akajikuta goti kwa goti na Asani.

Mjomba alikuwa amekonda. Vidole vyake vya ushonaji vilikuwa vimevimba kwa kamba. Alikohoa, akatema mate pembeni, nje ya lori, na ilikuwa wazi kwamba alifikiria kwanza kuyatema mahali pengine.

Alisema kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, maana askari wawili waliokaa mlangoni walitoka mbali, kwa wasemao Lingala, na hawakukielewa.

"Wamekutupa?"

"Nimejiandika mwenyewe, Mjomba. Mimi ndiye wa thelathini."

"Hilo nalijua. Ni mimi niliyeandika karatasi."

"Nisamehe."

Asani alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno matamu hata kabla ya jela, kina mama wa Kabambare wanaijua bei ya kumcheleweshea kitambaa.

"Leo siwezi," alisema. "Labda kesho."

Wakati huo Bwana Polepole alitokea barazani. Mkononi alishika kitu cheusi, chepesi, kinachopepea. Hippolyte alikitambua. Zilikuwa karatasi za kaboni kutoka kwenye mashine yake. Katika haraka yake alikuwa amezisahau juu ya meza.

Mzungu alizihesabu mbele ya jua, akiziinua moja moja na kusoma maneno yaliyochapwa humo kinyume. Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

Akatazama kupitia mlangoni kapu la takataka, lenye nakala tatu tu za kaboni. Akatazama kundi la wanawake, mmoja mmoja, sufuria moja moja. Kisha akaongea na polisi mwenye pikipiki, na pikipiki ikaondoka kwa kasi kwenye barabara ya Kasongo. Hippolyte alifuata vumbi lake kwa macho. Albertine alikuwa na saa moja na nusu mbele, baiskeli kuukuu na njia ya mashamba.

Halafu Bwana Polepole akashuka ngazi, akaenda hadi dirisha la Heri. Aliongea sikioni mwake muda mfupi. Heri alikuwa mtu wa mzaha, dereva asiyeishiwa hadithi, na asubuhi ileile alikuwa amemwomba Hippolyte sigara. Alisikiliza, akainamisha uso. Alipouinua hakuangalia nyuma kwenye lori hata kidogo.

Lori likaondoka.

Walipita makaburi. Asani alinyoosha kidevu upande wa mti wa mchikichi.

"Pale," alisema.

Hippolyte aliangalia mpaka vumbi likafunika. Alilia bila kujificha, mikono ikiwa imefungwa hakuwa na cha kujifutia.

"Acha kulia," alisema Asani. "Hitima ya dada yangu haijafungwa. Ishirini na tisa zimesomwa. Tulikaa alfajiri ile tukikungoja wewe, na mlango ulipogongwa mimi nilisema, huyo, amekuja. Kumbe ni askari wako. Soma."

"Nimesahau, Mjomba. Ni miaka ishirini na tatu."

"Utakumbuka. Ukianguka nitakuinua."

Hippolyte alianza. Sauti ilikuwa ya kikanisa, ya mtu aliyezoea misa, na kijana mmoja pale kwenye lori alitikisa kichwa. Alikwama kwenye aya ya tatu. Asani akampa neno. Akakwama tena, akapewa tena. Kisha kitu kikafunguka, maneno yakaanza kuja yenyewe kwa sauti ya mtoto aliyewahi kuwa, na mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa namba kumi na saba, akaanza kuitikia. Polepole wote ishirini na tisa wakainamisha vichwa. Askari mmoja aliuliza kwa Lingala wanaimba nini, mwenzake akamwambia awaache.

Wakafika njia panda.

Njia ya relegasyo inapita Lusangi, inakwenda Kasongo, halafu mto. Hakuna aliyeijua kumshinda Hippolyte. Aliipendekeza yeye mwenyewe, ukurasa wa kumi na tatu, na ramani ndogo aliyoichora kwa rula.

Heri alipunguza mwendo. Akapinda upande wa pili, upande wa Salamabila.

Huko hakuna mto wa kuvuka, wala jela, wala jaji. Kuna mashimo ya dhahabu, mengine yameachwa tangu zamani na maji yamejaa. Baada ya mashimo barabara inakwisha.

Hippolyte alinyamaza katikati ya aya. Wanaume wawili watatu waliinua vichwa, wakaona jua liko upande usio wake. Mbele, nyuma ya kioo kidogo, mabega ya Heri yalikuwa yakitetemeka.

"Usisimame," alisema Asani. Naye alikuwa ameona. "Imebakia kidogo."

Kweli ilikuwa imebakia kidogo. Sura za mwisho za juzuu ile ni fupi, ni zile ambazo watoto wanafundishwa kwanza, mstari mmoja, miwili, mitatu, na sasa alizikumbuka zote bila kusaidiwa. Hippolyte akaendelea kusoma. Alianza kuzisoma polepole, akipumua kati ya neno na neno, na watu ishirini na tisa wakamwitikia polepole vilevile.